Mwaka Uliponisomea Kozi

Tuse mwanangu,

Hali sikuulizi, maana uko nyumba ya nne kutoka hapa, kwa Mama Faraja, unasukwa. Kwa wingi wa nywele zako na wingi wa maneno ya Mama Faraja, najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Nina saa nne zangu. Nimeketi kwenye kile kizingiti cha saruji mlangoni mwa banda la kuku, pale pale panaposhika mtandao, ingawa leo mtandao wenyewe siuhitaji. Nimezoea tu. Kuku wananishangaa, na yule jogoo wako mwenye kiburi ameshanidonoa kiatu mara mbili.

Kesho asubuhi utakuwa kwenye basi la Iringa. Mambo ya shuka, ndoo, sweta na kunipigia simu ukifika kwa mama yako mdogo Semeni pale Mlandege, sitayaandika. Nimeshayasema mpaka umeanza kunimalizia. Jana nilisema tu "na usisahau," ukadakia "koti la mvua," ukacheka. Na mimi nikacheka, lakini roho iliniuma. Niliwaza kwamba huyu mtoto anajua kila ninachotaka kumwambia, isipokuwa kile kimoja ambacho sijawahi kumwambia.

Hicho ndicho nakiandika sasa. Nimekikwepa miaka miwili. Naogopa uondoke kesho ukiamini kwamba mama yako hajui alichokufanyia, au anajua na ameamua kujitia hamnazo. Ukienda nacho hivyo hivyo mpaka Iringa utakizoea, na mtu akishazoea kunyamaza kuhusu mama yake, hata simu anapiga za salamu tu. Salamu tu sizitaki, Tuse. Nitakuwa peke yangu katika nyumba hii, na salamu tu hazitanitosha.

Nianze na juzi. Nilikuwa nakupangia sanduku, nikalikuta daftari lako la Kemia la kidato cha nne. Ulishaniambia unakwenda nalo, kwamba hata uuguzi una kemia ndani yake. Nilitaka kulifuta vumbi tu. Nikalifungua. Kurasa za mwanzo ni wewe mwenyewe yule ninayemjua, mwandiko wa kujivuna, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula, bluu huku, nyekundu kule. Inakwenda hivyo mpaka mwezi wa tatu. Halafu Kemia inakatika. Ukurasa unaofuata umeandika "Moduli ya Pili: Mtoto Anayechelewa Kusoma." Chini yake, "Kazi ya Mama, mwisho Ijumaa." Nikafunua, nikafunua. Mpaka jalada la nyuma, ni kozi yangu mimi. Nilikaa kitandani kwako na lile daftari mapajani, maharage yakaungua jikoni, nikakudanganya kwamba gesi ilikuwa kali.

Unakumbuka ile kozi ilivyoanza? Nadhani unakumbuka upande wako, wacha nikupe upande wangu. Mwalimu mkuu alituita ofisini akatuambia kuna mafunzo ya walimu kwa njia ya mtandao, miezi minane, mwisho wake cheti, anayetaka ajiandikishe. Nikawaona walimu vijana wananitazama. Yule wa darasa la tano, mwenye ndevu zake chache, akaniuliza kwa adabu ya uongo, "Mama, simu yako ina intaneti au ina tochi?" Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, kwa uso mkavu. Kisha nikaandika jina langu, likawa la kwanza kwenye ile karatasi, kwa herufi kubwa. Hata sikujua kozi inahusu nini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili kazini, darasa la pili, watoto waliopita mikononi mwangu wengine sasa wana watoto wao, halafu mtu aniulize habari za tochi! Hasira zangu unazijua, zinafika kabla yangu.

Kwa hiyo nilijiandikisha kwa hasira, wala si kwa hamu ya kujifunza. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, na wewe hukuwepo.

Nikanunua simu ile kubwa. Nikaja nayo nyumbani nikakukabidhi kama mtu anayekabidhi kuku wa kuchinja. Wiki ya kwanza nilikuwa nakuambia nibonyezee. Mimi nasoma, mimi nasema jibu, wewe unabonyeza. Wiki ya tatu au ya nne nikaanza kukuambia nisomee, macho yananiuma, herufi ndogo. Hiyo nayo ina ukweli kidogo. Halafu siku moja nilikuwa nimerudi na madaftari sabini ya kusahihisha, mvua imenipiga tangu sokoni Uyole, nikasema, "Tuse, leo nijibie tu, wewe si unajua." Ukajibu. Tukapata alama nzuri kuliko zote za nyuma. Siku ile nilifurahi, jamani, sitaficha. Nilikukaangia mayai. Na baada ya siku ile sikujibu tena swali lolote mpaka kozi inakwisha.

Kile kipindi cha moja kwa moja cha Jumanne na Alhamisi nakikumbuka vizuri. Mkufunzi anaita majina, kila mmoja anaandika kwamba yupo. Kamera zimezimwa wote kwa sababu mtandao hauvuti. Wewe umekaa hapa hapa nilipokaa mimi sasa, umejifunika kitenge changu juu ya sweta la shule, baridi ya mwezi wa sita inakata masikio. Mkufunzi anaita jina langu, unaandika "Nipo." Na mimi kweli nilikuwepo, hatua tatu kutoka hapo, namenya viazi.

Siku moja uligeuka ukaniambia, "Mama, njoo usikilize, hapa anaeleza vizuri."

Nikasema, "Sikiliza wewe, nitakuja kukuuliza."

"Utaniuliza kweli?"

"Nitakuuliza."

Sikukuuliza. Siku ile wala siku nyingine. Sikukuuliza alichosema mkufunzi, na sikukuuliza Kemia umeisoma saa ngapi. Nilikuona unachelewa kulala nikajiambia ni mtihani wa kidato cha nne huo, watoto wote hivi sasa wako hivyo. Mwalimu mimi! Darasani kwangu mtoto akikaa siku mbili hajanyoosha mkono namwita pembeni. Wewe ulikuwa kwangu, unakula meza moja nami, sikukuita pembeni.

Nimeifikiria sana hii habari ya kusoma kwa mtandao, na nataka nikuambie nilichokiona, maana hata chuoni kwenu wamesema masomo mengine yatakuwa kwenye simu. Mimi nimefundisha maisha yangu yote kwa kutazama watu usoni. Mtoto akisema ameelewa, simwamini mpaka niyaone macho yake. Kule hakuna macho. Kuna jina na kidoa cha kijani. Mkufunzi yule, mtu mwema tu, alikuwa anaona kidoa cha kijani anadhani anamwona mwalimu mtu mzima wa Uyole, kumbe ni msichana wa miaka kumi na saba anayepuliza vidole vyake kwa baridi. Hakuna aliyetuzuia. Hakuna aliyetukamata. Ni darasa ambalo mlango wake hauna mtu, unaingia na nia yako mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeingiza nia ya mtoto wangu.

Haya, cheti kikaja, mwezi wa kumi. Hapa mkono unakuwa mzito.

Unajua desturi yetu pale kanisani. Mtu akipata mtoto, akipona, akimaliza chuo, anatoa sadaka ya shukrani. Nikatia cheti kwenye fremu ya kioo, nikavaa lile gauni la zambarau, nikakipeleka mbele. Mchungaji akakiinua juu washarika wakione. Kwaya ikapiga pambio, akina mama wakanizunguka na vitenge. Wewe ulikuwa safu ya pili ya kwaya. Nikapewa nafasi niseme neno. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mwalimu mkuu, nikawashukuru majirani. Kisha nikasema, na maneno haya nayasikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo: "Namshukuru na binti yangu, alikuwa ananichemshia chai nilipokuwa nasoma."

Chai, Tuse. Nilikutazama nikiyasema. Ulikuwa umeinamisha uso unatazama viatu vyako. Nikadhani unaona aibu ya kutajwa mbele za watu. Hapana, ngoja, nimesema leo sidanganyi. Sikudhani hivyo. Nilijua kwa nini umeinama. Ilinichoma kama sindano, nikaigeuzia mgongo, nikaanza kucheza pambio.

Wiki tatu baadaye ukaingia chumba cha mtihani. Januari matokeo yakatoka, divisheni foo, Kemia umepata F.

Yaliyofuata unayajua lakini nayaandika kwa mkono wangu, ili usidhani nimeyasahau. Nilisema simu imekuharibu. Nilimwambia Semeni, nilimwambia Mama Faraja, niliwaambia walimu wenzangu ofisini, yule mwenye ndevu chache akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikaichukua simu nikaifungia kwenye kabati la vyombo, ufunguo nikautia kwenye kitambaa kiunoni. Halafu Jumatano jumuiya ilipokuja kusali hapa kwetu nikawaomba akina mama wakuombee ufunguliwe kutoka katika kifungo cha simu. Ulipiga magoti pale kwenye mkeka sebuleni. Wakakuwekea mikono, watu saba. Na juu ya kichwa chako ukutani kinaning'inia cheti changu. Ukasema amina pamoja nao.

Sijui ulipata wapi nguvu ya kusema amina. Ningekuwa mimi, kwa hii damu yangu, ningesimama nikasema yote, fremu ningeivunja. Wewe ulinyamaza. Mwanzoni nilijiambia kwamba ulinyamaza kwa sababu una hatia. Baadaye nikajiambia unaniheshimu. Sasa najua ulikuwa unanitunzia uso wangu mbele za watu, kazi ambayo mtoto hapaswi kupewa.

Ulikaa miezi mitatu huongei mezani zaidi ya "nipe chumvi." Kisha ukaniomba simu saa moja kwa siku, urudie mtihani. Nikakupa kama mtu anayempa mgonjwa sumu. Nikawa nakuchungulia dirishani nione unafanya nini. Ulikuwa hapa, kizingitini, unamtazama mwalimu mmoja sijui wa wapi anachora kwenye ubao, unamsimamisha, unaandika, unamrudisha nyuma, unaandika tena. Kidomo chako kinacheza. Hakuna aliyekuamuru. Hakuna aliyekuwa anakuita jina. Simu ile ile niliyoifungia kabatini ndiyo iliyokurudishia Kemia yako, na mimi nilisimama nyuma ya pazia nikaona, nikarudi jikoni.

Ulipofaulu nilipiga vigelegele mpaka barabarani. Hukusema "unaona?" Ningekuwa mimi ningesema.

Na kile cheti nacho kilinifuata. Kwa sababu yake nilipewa kazi ya kuwaelekeza walimu wengine kuhusu watoto wanaochelewa kusoma. Mwaka huu, mwezi wa nne, nimesimama mbele ya wenzangu na karatasi niliyonakilia maelezo ya kozi uliyokuwa umeyahifadhi kwenye simu. Yule wa darasa la tano akauliza swali dogo, na safari hii hakuwa na utani, uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kujua. Ana mtoto darasani kwake anayesoma herufi moja moja vizuri lakini akiziunganisha zinampotea, afanye nini kwanza? Nikaitazama karatasi. Nikasema tutaliangalia kikao kijacho. Akasema asante mwalimu. Akaliandika hilo kwenye daftari lake: kikao kijacho. Nilitamani aniulize habari za tochi.

Ndiyo maana umeniona tangu mwezi wa tano nakaa hapa na miwani. Ulidhani nachati, ukanitania kwamba nimepata mchumba wa mtandaoni. Nilijiandikisha tena kozi ile ile, mwanzo kabisa, kwa namba yangu na akaunti mpya, hakuna aliyenilazimisha na cheti chenyewe ninacho. Mtihani wa kwanza nilipata tisa kwa ishirini. Simu ikaniandikia, "Jaribu tena." Haikununa wala haikunicheka. Nimemrudisha mkufunzi nyuma mara nne kwenye somo moja, mara nne anaeleza kwa sauti ile ile ya upole, nikasema kumbe wewe bwana una subira kuliko mimi. Sasa niko somo la sita. Nimeshajua cha kumwambia yule kijana, na nimemwambia, na mtoto wake ameanza kuunganisha.

Na siku hizi naona kila mtu hapa anasoma hivi hivi. Mama Faraja hiyo misuko yake mipya anaifuata kwenye simu. Fundi wa pikipiki pale njia panda anaisimamisha video, anafungua injini, anaitazama tena. Nilikuwa nawaona nadhani wanapoteza muda. Kumbe kila mmoja amekaa na mwalimu wake. Ila ni upweke, Tuse, hilo nalo nikuambie. Unaelewa kitu, unafurahi, unageuka umwambie jirani yako wa dawati, jirani mwenyewe ni jogoo. Juzi nilipopata kumi na saba kwa ishirini niligeuka nikuite, na wewe ulikuwa umekwenda mjini kupima sare. Nikakaa na alama zangu. Nikajua wewe ulikaa hivi mwaka mzima, na alama hata hazikuwa zako.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwenda.

Kwenye jalada la nyuma la daftari la Kemia uliandika paswedi ya ile akaunti ya kwanza, ile ya jina langu uliyokuwa unaitumia. Juzi, maharage yanaungua, nikaiingiza. Nilitaka tu kuona kazi zako. Nikafika kwenye lile jukwaa la majadiliano, ambalo mimi wakati ule sikulifungua hata mara moja. Mkufunzi alikuwa ameuliza: mweleze mwanafunzi mmoja anayekupa wasiwasi, na hatua ulizochukua. Chini yake kuna jina langu, na haya ndiyo niliyoandika mimi, nisiyeandika:

"Nina msichana mmoja. Zamani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Siku hizi anasinzia darasani na daftari lake lina kurasa tupu. Nyumbani wako wawili tu, yeye na mama yake. Mama yake si mbaya, amechoka. Sijachukua hatua yoyote. Naogopa nikimuuliza atalia, na sijui la kufanya mtoto akilia."

Nilisoma mara ya kwanza nikadhani umetunga tu, upate alama. Mara ya pili nikavua miwani.

Chini yake mwalimu mmoja wa Makete, mtu tusiyemjua, amejibu: "Mwalimu mwenzangu, muulize tu, hata akilia. Kaa naye. Wengine wanangoja kuulizwa."

Na wewe, kwa jina langu: "Asante. Nitamuuliza."

Halafu wiki tano zimepita, kozi karibu inakwisha, yule wa Makete amerudi tena. Watu wengine wameshasahau mada, wako kwenye mada nyingine, yeye amerudi: "Mwalimu wa Uyole, ulimuuliza yule binti?"

Hakuna jibu. Pale ndipo palipoishia. Miaka miwili swali limekaa chini ya jina langu. Mtu wa Makete, ambaye hajawahi kukuona, alikuwa na wasiwasi na mwanangu, na mimi nilikuwa namenya viazi.

Nikajaribu kumjibu. Nimebonyeza na kubonyeza. Inasema mjadala huu umefungwa.

Unaona sasa kwa nini naandika. Lakini nikiwa hapa katikati ya barua nimegundua jambo lingine, na limenitoa jasho. Nilipanga barua hii niitie kwenye sanduku, chini ya shuka, uikute Iringa. Ungeisoma peke yako kwenye kitanda cha chuo, mimi niko hapa, sikuoni usoni, hunioni. Ningekuwa nimejibu bila kuwepo. Ndiyo mchezo ule ule niliocheza mwaka mzima, safari hii naucheza kwa kalamu.

Barua utakwenda nayo hata hivyo, kwa yale ambayo mdomo utashindwa. Na cheti nacho nimekiweka humo, bila fremu. Jana uliuliza mbona ukutani pana alama nyeupe, nikasema msumari umelegea. Msumari ni mzima kabisa. Jina lililoandikwa pale ni langu, siwezi kulifuta, ila kazi iliyomo ni yako, na sitaki kukitazama tena nikiwa nakula peke yangu. Jumatatu nakwenda kwa mwalimu mkuu kumweleza kilivyopatikana, na akiamua kuninyang'anya ile kazi ya kuelekeza wenzangu, atakuwa hajakosea. Jumatano jumuiya iko kwa Mama Faraja. Wewe utakuwa umeshafika chuoni. Nitasimama niwaambie wale akina mama kwamba simu haikuwa na pepo lolote, waliyepaswa kumwekea mikono ni mimi. Mama Faraja atapata la kusuka nalo mwezi mzima.

Kule Iringa utakutana na watu watakaokuambia nibonyezee. Wabonyezee, wala usiwe na roho ngumu kwa sababu yangu. Ila ukisikia mtu ameanza kukuambia nijibie, nikumbuke mimi na gauni langu la zambarau. Na ukiwa umekaa na simu yako, umeelewa kitu kigumu, na huna wa kumgeukia, nipigie. Hata kama ni mambo ya figo na mishipa nisiyoyajua. Niambie, "Mama, leo nimeelewa hiki." Nitakuuliza maswali mpaka uchoke.

Saa kumi na moja kasoro. Kuku wameanza kuingia. Nimeteleka chai, leo nimechemsha mimi. Nasikia sauti yako barabarani unaagana na Mama Faraja, na sasa komeo la geti.

Nakuja mlangoni, Tuse. Nitakuuliza kwa nini ulikuwa unasinzia. Nimechelewa mno, najua, na jibu ninalo tayari, lakini nitakuuliza na nitakutazama usoni. Ukilia, mimi nipo.

Mama yako